Kichezeo cha 1,200 cha nini, na unga uko jikoni?

Majuzi niliingia duka moja la vichezeo mjini nikaona mkebe wa unga wa kufinyanga ukiuzwa 1,200. Nikaurudisha polepole, nikatoka.

Mtoto wa dada yangu ana miaka miwili na nusu na mimi ndiye hubaki naye dada akienda kazi. Zamani nilikuwa nampa simu tu. Bando zinaisha, na ukimpokonya analia hadi majirani wanabisha. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto wa umri huo wasizidishe saa 1 kwa siku kwenye skrini. Wetu alikuwa anafikisha nne.

Basi nikahamia jikoni. Vikombe 2 vya unga wa ngano, nusu kikombe cha chumvi, vijiko 2 vya mafuta, kisha maji moto kidogo kidogo huku unakanda kama wa chapati. Ukinata, ongeza unga. Rangi ni manjano ile ya pilau (mvalishe nguo kuukuu, haitoki hiyo). Weka kwa mkebe wa siagi ufunike. Chumvi huzuia usiharibike haraka, na pia huufanya uwe mbaya mdomoni, ambayo ni poa kwa sababu unga mbichi si wa kula.

Fundi wa nguo wa mtaani naye hutupa vipande vya jinzi, satini na sweta. Omba. Mtoto agusie kila kimoja, akwambie kipi kinakwaruza.

Sasa niungame. Wiki ya pili nilimmwagia maharagwe kwa karai achote na kijiko, nikachungulia simu dakika mbili. Haragwe moja likaingia puani. Haragwe hufyonza unyevu likafura, na ukilichokoa unalisukuma ndani zaidi. Tukakimbia hospitali, daktari akalitoa, na pesa zote nilizodhani nimeokoa zikaishia hapo. Dada hakunisemesha siku mbili.

Siku hizi maharagwe yako ndani ya chupa ya soda, kifuniko kimepigwa gundi, anatikisa kama kayamba. Kitu chochote kinachopita ndani ya kile kibomba cha karatasi ya choo, mtoto wa chini ya miaka 3 hapewi. Na akicheza na maji kwa beseni, hata yakiwa kidogo, huondoki hapo.

Dada amekubali nibaki naye tena, bora simu ikae juu ya kabati. Yangu, si ya mtoto.