Chuchu ya Chupa Ibadilishwe Lini?

Mjini Kitengela akina mama wengi hutoka alfajiri kwenda kazini katika viwanda vya Athi River, na mtoto huachwa na yaya pamoja na maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Mwendo wa maziwa hayo huamuliwa na tundu la chuchu ya chupa.

Wengi husoma umri ulioandikwa juu ya pakiti, na mtoto atimizapo miezi 3 hukimbilia dukani kununua chuchu yenye tundu kubwa. Umri huo ni makadirio tu, wala namba za kiwanda kimoja si sawa na za kingine. Heri kumtazama mtoto mwenyewe. Akivuta kwa nguvu hata chuchu ikabonyea, akakasirika, au nusu saa ikapita naye hajashiba, huenda tundu ni dogo (lakini kwanza tazama kama limeziba). Iwapo chuchu mpya yamfanya akohoe, na maziwa kumwagika pembeni mwa mdomo, mrudishie ile ya zamani siku hiyo hiyo. Akizidi kupaliwa, apelekwe zahanati.

Wako watoboao tundu kwa sindano ya moto. Hiyo ni hatari kubwa, kwani maziwa huja kwa kishindo yakampalia mtoto. Aishiye mbali na maduka ya Kajiado na atumie kikombe kidogo kisafi, ambacho ni rahisi kuosha kuliko chupa. Mtoto aketishwe wima, maziwa yaguse midomo yake, ayanywe mwenyewe bila kumiminiwa.