Nyumba ya kupanga Kitengela: mambo ya kujua kabla ya kulipa

Wafanyabiashara wanaopitisha mizigo Namanga hufikia wakati ambapo gharama za gesti jijini Nairobi zinakula faida ya safari. Anayelala huko siku nane au kumi kila mwezi huanza kutafuta nyumba yake. Kwa kuwa kodi za jijini ni kubwa, wengi huelekea Kaunti ya Kajiado, inayopakana na Nairobi upande mmoja na Tanzania upande mwingine.

Mji unaomfaa zaidi msafiri wa njia hiyo ni Kitengela, karibu kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, kwenye barabara kuu ya Namanga. Ongata Rongai na Ngong zimo katika kaunti hiyo hiyo, lakini haziko kwenye njia hiyo.

Kodi hushuka kadiri nyumba inavyokuwa mbali na lami. Hata hivyo, mpangaji ajumlishe nauli ya bodaboda, na akumbuke kwamba udongo mweusi wa Kitengela hunasa magari wakati wa mvua. Mwenye lori aulize kwanza litalala wapi, kwani ploti nyingi hazina nafasi. Maji nayo yaulizwe: mengi ni ya visima, yana chumvi, na ya kunywa hununuliwa.

Utaratibu wa malipo

Mtanzania aliyezoea kudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima ataona tofauti. Kenya, kawaida ni kodi ya mwezi mmoja pamoja na amana ya mwezi mmoja. Kwa mfano, nyumba ya shilingi za Kenya 12,000 itahitaji 24,000 siku ya kuingia, na pengine amana ndogo ya maji na umeme. Baada ya hapo kodi hulipwa kila mwezi, mara nyingi kabla ya tarehe 5.

Hapo ndipo matapeli huingilia. Wapo wanaodai ada ya kuonyesha nyumba kisha hawaonekani tena, na wanaopokea amana ya nyumba isiyo yao. Mpangaji asitume pesa kabla ya kuingia ndani ya nyumba yenyewe, kuzungumza na mtunza ploti na kuwauliza majirani kodi hulipwa kwa nani. Malipo yaende kwenye akaunti ya mwenye nyumba au wakala wake, na risiti itolewe.

Sheria inasemaje

Sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi, Sura 296, inahusu nyumba za kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi. Fleti nyingi zimo nje ya kiwango hicho, hivyo kinga ya mpangaji ni mkataba wa maandishi. Mkataba utaje kiasi cha amana, siku za kuirejesha, muda wa notisi na nani anakarabati nini. Picha za nyumba siku ya kuingia husaidia siku ya kutoka. Amana ikizuiwa bila sababu, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1.

Jambo linalosahaulika ni bidhaa. Chini ya Sheria ya Kenya, Sura 293, mwenye nyumba anayedai kodi anaweza kumtumia dalali wa mnada mwenye leseni kukamata mali iliyomo ndani. Mfanyabiashara aliyeweka marobota ya nguo chumbani na kukwama mpakani wiki tatu anaweza kukuta deni la mwezi mmoja limeugusa mtaji wote. Ni heri kumwachia mtu anayeaminika pesa ya kodi kabla ya safari, na bidhaa zikae stoo.

Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huweza kupewa kibali cha kukaa hadi miezi sita anapoingia. Nakala ya pasipoti yenye muhuri wa Namanga iwe tayari, kwani wenye nyumba wengi huiomba kabla ya kutoa ufunguo.