Uhai Kwanza, Fomu Baadaye: Maarifa na Wajibu wa Anayefika wa Kwanza Penye Ajali

Mama mmoja anayeuza viazi karibu na njia panda ya Uyole alinijia baada ya mafunzo ya huduma ya kwanza tuliyoyaendesha mkoani Mbeya. Alisubiri wenzake watoke, ndipo akasema: "Daktari, nina swali, ila naona aibu kuliuliza." Akanisimulia jinsi kijana wa bodaboda alivyogongwa na lori hatua chache kutoka gengeni kwake. Paja lilipasuka, damu ikawa inaruka. Yeye alifungua kitenge alichojitanda ili alifunge lile jeraha, lakini watu waliokusanyika wakamkemea: asimguse mpaka polisi wafike, asije akageuzwa mshtakiwa. Akarudi nyuma, kitenge mkononi. Gari lilipopatikana, kijana alikuwa amekwisha kukata roho.

"Sasa niambie, Daktari: kama ningemfunga, ningefungwa?"

Nilimjibu palepale kwamba asingefungwa. Hata hivyo, swali lake linastahili jibu refu zaidi, kwa kuwa hofu iliyomrudisha nyuma nimeikuta kwa madereva, kwa makondakta, na hata kwa watumishi wa afya wenzangu.

Kwa nini Uyole

Uyole ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Iringa na Makambako inapokutana na ile iendayo Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi wa Kasumulu. Malori yanayoelekea Tunduma, Zambia na Kongo hupita hapo usiku na mchana, mengine yakiwa na mafuta au kemikali. Hushuka miteremko mirefu ya nyanda za juu, na breki zikipata moto na kushindwa, mbele yake huwa pana daladala, bajaji, bodaboda na watu waendao sokoni.

Idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura nchini ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2010, na tangu hapo madaktari bingwa wa fani hii wamekuwa wakisomeshwa nchini. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini daktari bingwa hawezi kumsaidia mtu aliyekwisha kufa barabarani. Mtu mzima ana takriban lita tano za damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, anaweza kufa katika dakika chache. Dakika hizo ziko mikononi mwa muuza viazi, kondakta, mwendesha bodaboda na askari wa usalama barabarani. Hao ndio waokoaji wa kwanza, wapende wasipende.

Maarifa ya msingi

Kwanza, jilinde. Tazama moto, nyaya za umeme, magari yanayoendelea kuja na shehena iliyomwagika. Tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lililopinduka lililipuka wakati watu wakichota petroli, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Lori la mafuta likianguka, ondoa watu mbali, zima kila chenye moto, na zuia watazamaji wasisogee. Vaa glavu, ukizikosa, mifuko ya plastiki mikononi ni bora kuliko mikono mitupu. Damu ikikuingia jichoni au kwenye kidonda, osha kwa maji mengi kisha uende kituoni mapema, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hazina budi kuanza ndani ya saa 72.

Pili, ita msaada. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Namba 115 hutumika kwa usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Piga pia simu katika kituo cha afya kilicho karibu, ili wajiandae kabla majeruhi hajafika.

Tatu, zuia damu inayotoka kwa wingi. Weka kitambaa safi juu ya jeraha ukandamize kwa nguvu bila kuachia, usifunuefunue kuchungulia. Jeraha la mkono au mguu likiendelea kumwaga damu, funga kitambaa chenye upana wa vidole vitatu hivi, juu ya jeraha kuelekea mwilini, si juu ya goti wala kiwiko. Kaza kwa kijiti mpaka damu ikome, kisha andika saa uliyofunga. Usitumie waya wala kamba nyembamba, na usilegeze mpaka afike kwa mtaalamu. Kitu kilichochoma mwilini kisichomolewe. Kizungushie vitambaa kisitikisike.

Nne, linda njia ya hewa. Asiye na fahamu lakini anapumua alazwe ubavu, kichwa, shingo na kiwiliwili vikigeuzwa kwa pamoja, ili matapishi na damu visimkabe. Asiyepumua akandamizwe katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimeta tano hadi sita.

Tano, mfunike. Baridi ya Uyole, hasa Juni na Julai, huhatarisha maisha ya aliyepoteza damu, kwani mwili ukipoa damu huganda kwa shida. Blanketi au kitenge ni tiba. Usimpe chakula wala kinywaji, maana huenda akahitaji upasuaji. Asihamishwe bila sababu. Panapokuwa na moto au hatari nyingine, aondolewe haraka, kichwa na shingo vikishikiliwa visicheze.

Sheria inataka nini

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake. Sheria ya Usalama Barabarani inamtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame, amsaidie aliyeumia, na atoe taarifa polisi. Anayekimbia na kumwacha majeruhi anaongeza kosa juu ya kosa.

Mpita njia hayuko katika hali hiyo. Ufaransa na Ujerumani humwadhibu anayeweza kumsaidia aliye hatarini na akakataa. Sheria yetu haijafika huko. Lakini kutolazimishwa si kukatazwa. Kanuni ya Adhabu inamtaka anayejitwika kazi ya kumtibu mwenzake awe na ujuzi na uangalifu wa kutosha, isipokuwa penye ulazima. Mama anayekandamiza jeraha linalomwaga damu yuko penye ulazima. Linalotakiwa kwake ni nia njema, uangalifu, na kutovuka mipaka ya anachokijua.

Majeruhi mwenye fahamu aombwe ridhaa, hata kwa maneno machache: "Ndugu, naomba nikusaidie." Asiye na fahamu, au mtoto asiye na mzazi karibu, ahudumiwe bila kungoja. Mali zake zihesabiwe na kuandikwa mbele ya mashahidi wawili. Picha zake zisisambazwe, kwa kuwa utu wake haukuisha kwa kugongwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda taarifa za afya ya mtu.

Fomu ya PF3

Hapa nawageukia watumishi wa afya. Fomu namba 3 ya Polisi, maarufu kama PF3, huandika aina na ukubwa wa majeraha ili yawe ushahidi. Haikuwekwa iwe kibali cha kumtibu anayekata roho. Viongozi wa Wizara ya Afya wamelisema hilo mara kadhaa, na bado zipo meza za mapokezi ambako swali la kwanza ni, "Fomu iko wapi?"

Mpangilio sahihi ni huu: pokea, okoa uhai, andika ulichokiona na ulichokifanya pamoja na saa zake, kisha ijulishe polisi. Fomu itajazwa baadaye kutokana na kumbukumbu zako. Aliyemleta majeruhi ashukuruwe, aandikwe jina na namba ya simu, basi. Asizuiliwe getini kama mhalifu.

Mtaalamu aliyesajiliwa hana uhuru alio nao mpita njia. Usajili wake unamfunga kwenye maadili ya taaluma, na uzembe wake unaweza kumfikisha mbele ya baraza au mahakama. Akishaanza kumhudumia majeruhi, asimwache mpaka amkabidhi kwa mwingine mwenye uwezo.

Kenya imeandika katika Katiba yake ya mwaka 2010, ibara ya 43, kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. India iliweka mwaka 2019, katika sheria yake ya magari, kinga kwa anayemsaidia majeruhi kwa nia njema. Nasi tungefaidika ulinzi huo ukiandikwa waziwazi katika sheria zetu, ili ubandikwe katika kila stendi na kila kituo cha afya.

Kabla hatujaagana, mama yule wa Uyole aliniomba nimwoneshe tena namna ya kufunga. Tulitumia kitenge chake na kijiti cha kuni. Alijaribu kwenye mguu wa kijana aliyekuwa akipanga viti, akakosea mara mbili, akapatia mara ya tatu. Kisha akauliza kama anaweza kuja na majirani zake safari ijayo. Nikamwambia aje nao wote.