Matola Yupi?

Mwaka 1882 wapiganaji wa Kingoni, ambao watu wa kusini waliwaita Magwangwara, waliivamia Masasi. Kijiji cha misheni alichokianzisha Askofu Edward Steere mwaka 1876, pamoja na watu waliokombolewa utumwani, kikasambaratika. Padri Chauncy Maples akahamishia kazi Newala, kwa chifu wa Kiyao aliyeitwa Matola. Mwaka 1906, vumbi la Maji Maji likiwa halijatulia, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alikuja upande huu kukusanya habari za Wamakonde, Wamakua na Wayao. Naye akafikia kwa chifu wa Kiyao aliyeitwa Matola.

Anayesoma habari hizi mbili kwa haraka humwona mzee mmoja aliyeishi miaka mingi, akapokea wamisionari ujanani na mtafiti wa Kijerumani uzeeni. Nimeona hadithi hiyo ikisimuliwa hivyo, tena kwa fahari. Lakini Matola wa Maples alifariki mwaka 1895. Yule wa Weule, aliyekaa Chingulungulu, chini ya nyanda za juu, ni mrithi wake. Wa kwanza alijenga nguvu zake wakati mashambulizi ya Wangoni yalikuwa hatari kubwa kuliko zote, na watu wa makabila mbalimbali wakakusanyika kwake kutafuta usalama. Wa pili alishika nafasi hiyo huku bendera ya Wajerumani ikipepea Lindi. Shida za mmoja hazikuwa shida za mwenzake, na ukiwaunganisha unampa mtu mmoja sera mbili zisizopatana, kisha unaanza kujiuliza kwa nini alibadilika.

Kufanana huku kwa majina si bahati. Kwa Wayao, mkubwa akifa, anayeshika nafasi yake huchukua na jina lake. Pamoja na jina huchukua undugu wake, ugomvi wake na heshima yake. Kama marehemu alimwita chifu fulani mdogo wake, mrithi naye atamwita hivyo hivyo, hata kama huyo anayeitwa mdogo ana mvi na mrithi ni kijana. Mtafiti J. Clyde Mitchell, aliyekaa na Wayao wa Nyasaland, aliueleza utaratibu huu kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1956. Matokeo yake kwa sisi tunaokusanya masimulizi ni makubwa. Mzee mwenye jina la ukoo anaweza kukuambia kuwa alivuka mto Ruvuma na watu wake akikimbia vita, na vita anavyovitaja vilipiganwa kabla bibi yake hajazaliwa. Mzee huyo hadanganyi. Anasema kwa kinywa cha jina analolibeba, na ni kazi ya msikilizaji kuuliza, kwa adabu, ni yupi kati ya waliolibeba aliyevuka.

Mfano ulio wazi zaidi uko ng'ambo ya Ruvuma, nchini Msumbiji ya leo, kwenye mji wa Mwembe uliokuwa makao ya akina Mataka. David Livingstone alifika huko mwaka 1866 akapokelewa na Mataka. Steere naye alifika mwaka 1875, mwaka mmoja kabla ya kuanzisha Masasi, akapokelewa na Mataka. Hapo hakuna kosa: ni mtu mmoja, Che Nyambi, aliyeanzisha enzi hiyo. Lakini Padri William Percival Johnson alipokwenda kuishi Mwembe mwaka 1880, Mataka aliyemkuta alikuwa mwingine, Che Nyenje. Na mwaka 1890 luteni wa Kireno Eduardo Valadim alipouawa huko, Mataka wa wakati huo alikuwa wa tatu, Che Bonomali. Wareno walipoiteka Mwembe mwaka 1912, Bonomali naye alikwisha kufariki. Kwa hiyo katika muda usiofika miaka hamsini, barua, shajara na ripoti za kijeshi za mataifa mawili zimejaa jina moja tu, na nyuma ya jina hilo wamesimama watu kadhaa.

Aliyetuokoa katika hili ni Padri Yohana Abdallah, Myao wa Unangu, ambaye kitabu chake cha historia ya Wayao kwa lugha yao kilichapishwa mwaka 1919. Abdallah alijua kwamba jina la nafasi peke yake halitoshi. Aliwasimulia akina Mataka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na jina lake mwenyewe na tabia zake. Bila watu kama yeye, Nyambi angekuwa amemeza sifa za wenzake wote. Ndivyo inavyokuwa kila mara tunapozembea: wa kwanza huvikwa mema na mabaya ya waliomfuata, na hao waliomfuata hupotea kabisa.

Waandishi wa baadaye walijaribu kutatua tatizo kwa namba: Matola wa Kwanza, Matola wa Pili. Namba zinasaidia, ila zina mtego wake. Msomaji aliyezoea habari za wafalme wa Ulaya hudhani wa pili ni mtoto wa wa kwanza. Wayao, kama Wamakonde na Wamakua, walihesabu ukoo upande wa mama. Mrithi kwa kawaida alitoka kwa ndugu wa tumbo moja au kwa watoto wa dada, na mtoto wa kuzaliwa wa chifu alikuwa wa ukoo wa mama yake. Nasaba iliyochorwa baba kwa mwana, kwa koo hizi, mara nyingi imechorwa vibaya tangu mstari wa kwanza. Wala desturi ya kurithi jina si ya nchi nzima. Mirambo wa Unyamwezi alipofariki mwaka 1884, aliyemfuata aliitwa Mpandashalo.

Upo pia upande wa pili wa tatizo: mtu mmoja, majina mengi. Kijana akitoka jandoni alipewa jina jipya, na kumwita kwa jina la utotoni ilikuwa kumtukana. Misheni ikaongeza jina la ubatizo. Chifu wa Chitangali anaweza kutajwa kama Barnaba mahali pamoja na Nakaam mahali pengine, na mtu asiyejua akahesabu watu wawili.

Chitangali hiyo hiyo ndiko alikofanya kazi Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa Unguja, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika UMCA, misheni ya Kianglikana ya akina Steere na Maples. Leo jina Majaliwa humkumbusha Mtanzania Kassim Majaliwa wa Ruangwa, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 2015. Kusini nzima jina hili ni la kawaida, na kufanana kwake peke yake si ushahidi wa ujamaa. Nalisema kwa sababu nasaba za kubuni huanzia hapo hapo.

Wazungu wenyewe nao wanachanganya. Johnson tuliyemtaja alikwenda Ziwa Nyasa na mwenzake Charles Janson, ambaye alifariki huko mwaka 1882. Meli ya kwanza ya misheni ziwani ikaitwa Charles Janson, na wapo walioandika kwamba ilipewa jina la Johnson, mtu aliyeishi mpaka mwaka 1928. Maples alizama katika ziwa hilo hilo mwaka 1895, mwaka aliofariki Matola, na miaka michache baadaye meli kubwa zaidi ikaitwa Chauncy Maples. Ukikuta sentensi ya mwaka 1905 inayosema Chauncy Maples alifika Likoma, aliyefika ni chombo.

Na anayeandika Matola kwenye intaneti ataletewa kwanza mji mkubwa ulio karibu na Maputo.

Wanafunzi wa Newala na Masasi wanaoanza kurekodi wazee wao huniuliza waandike nini kwenye madaftari yao. Nawaambia kila jina la nafasi liwe na mambo matano pembeni: jina lake mwenyewe, mahali alipokaa, upande wa mama yake, aliyemtangulia, na tukio moja lenye mwaka unaojulikana. Kwa yule wa mwaka 1890 ukurasa unaanza hivi: Mataka. Che Bonomali. Mwembe. Alimfuata Che Nyenje. Zama zake aliuawa Luteni Valadim. Mstari wa upande wa mama unaachwa wazi mpaka apatikane mzee wa ukoo wa kuujaza.