Siri za Anga na Haki ya Mwenye Ardhi

Wazee wa Nachingwea hawahitaji kufundishwa maana ya mradi uliopangwa mbali. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango wake wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na hapa kwetu Kusini. Mapori yakang'olewa kwa matrekta, na reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kumeza karibu paundi milioni 36. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962. Mwenyeji alikuwa kibarua katika mpango ule; mshauri hakuwa.

Twayakumbusha hayo kwa sababu katika nchi yetu umepata kuwako mradi mwingine wa namna hiyo, nao haukuhusu karanga bali anga. Karatasi zake nyingi, zilizokuwa siri za serikali, sasa ziko wazi kwa atakaye kuzisoma.

Tarehe 14 Oktoba 1960 Uingereza na Marekani zilibadilishana hati mjini London, zikakubaliana kujenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya anga za juu. Kikajengwa Tunguu. Kilikuwa kimoja katika vituo 18 vya mpango wa Mercury vilivyoizunguka dunia, viwili kati yake vikiwa juu ya meli. Chombo kilipopita juu ya Afrika, kituo cha Kano huko Nigeria kilikisindikiza, kisha Tunguu ikakipokea. Mafundi wakazungumza na rubani, mitambo ikapokea habari za chombo, na daktari akafuata mapigo ya moyo wa mtu aliye juu ya mawingu, hata chombo kikazama upeoni upande wa Bahari ya Hindi. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu kwa muda usiotimia saa tano. Roketi haikurushwa kutoka Tunguu, wala hapakuwa na rada. Ilikuwa kazi ya elimu, tena ya kusifiwa.

Lakini nani alimweleza hayo mkulima wa Tunguu? Mkataba wenyewe haukufichwa, ila mashauri yake yalifanywa na wakubwa wa nchi mbili za mbali, Unguja ikiwa bado chini ya himaya. Chama cha Hizbu kikakipinga kituo, na uvumi wa makombora ukaenea. Sisi hatuwacheki walioamini uvumi ule. Dunia ilikuwa imegawanyika kambi mbili zenye mabomu ya atomiki, na asiyeambiwa kitu hana budi kukisia.

Yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Kesho yake Wamarekani, wakiwamo wa kituo, wakaondolewa kwa manowari. Mwezi wa Aprili serikali ya Mzee Karume ikataka kituo kiondoke, na kazi yake ikahamia Madagaska.

Karatasi za siri za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani za miezi ile zilichapishwa miaka ya 1990 ikielekea mwisho. Humo wakubwa wa Washington na London wanaulizana juu ya ukomunisti, juu ya usalama wa raia wao, na juu ya lini waitambue serikali mpya, jambo walilolifanya tarehe 23 Februari. Mwenye shamba jirani na kituo hatajwi.

Hatusemi kwamba kila siri ni uovu. Nachingwea yenyewe ilitunza siri kubwa, pale wapiganaji wa FRELIMO walipofanya mazoezi katika mashamba yaliyoachwa na mpango wa karanga. Watu waliona wakanyamaza, na kimya chao kiliokoa maisha. Msumbiji ikapata uhuru mwaka 1975, na leo habari hizo zasimuliwa waziwazi mbele ya watoto. Siri ile ilikuwa na sababu, tena ilikuwa na mwisho. Siri ya ofisi mara nyingi hukosa vyote viwili.

Tena mambo ya anga hayakwisha Tunguu. Februari 1995 Rais Clinton aliamuru picha zaidi ya 860,000, zilizopigwa na satelaiti za ujasusi za Marekani kati ya 1960 na 1972, zifunguliwe kwa watu wote. Picha za Landsat, satelaiti ya utafiti iliyoanza kazi mwaka 1972, hutolewa bure tangu 2008. Ruangwa ina madini ya kinywe, Nachingwea ina mikorosho. Mgeni mwenye mtaji aweza kukaa mezani kwake ng'ambo akaitazama miamba yetu kutoka juu, kabla mwanakijiji hajaona kigingi cha mpima ardhi. Hilo si kosa la satelaiti. Picha ni ile ile kwa wote wawili. Tofauti ni kwamba mmoja ameiona na mwingine hajui kama iko.

Kwa hiyo twaziomba halmashauri za wilaya hizi mbili zichapishe picha za ardhi yao na kuzitundika katika ofisi za vijiji, mikutano ya ardhi ifanyike watu wakizitazama. Karatasi za Tunguu nazo zitafsiriwe kwa Kiswahili. Kutoka hapa hadi Nyaraka za Taifa kule Kilimani, Unguja, ni safari ya basi na meli, na London hatuitaji. Nakala moja katika maktaba ya kila wilaya ingetosha kuanzia.