Hapsikodi, Futi Nane na Jeki: Istilahi za Kinanda cha Kudonoa

Mwaka jana mfasiri mmoja alituletea karatasi ya ukurasa mmoja na kutuomba tumhakikishie tafsiri yake. Karatasi hiyo ilikuwa tangazo la mtu wa Marekani aliyekuwa akiuza ala ya muziki iliyokwisha kutumika. Binti wa mwalimu mmoja mstaafu, ambaye anasomea muziki huko, alikuwa ameliona tangazo hilo akamwandikia baba yake kwamba bei yake ni nafuu. Na mzee, kabla ya kugusa fedha za kiinua mgongo chake, alitaka kujua kwa Kiswahili ni kitu gani hasa anachonunua. Tafsiri aliyopewa ilisema: kinanda chenye miongozo miwili, futi nane mbili na futi nne moja, jeki mpya. Mzee akaelewa kuwa ni vinanda vitatu, viwili virefu na kimoja kifupi, pamoja na vitabu viwili vya maelekezo na jeki za kuvinyanyulia. Kwa bei ile, alisema, hapakuwa na haja ya kuuliza zaidi.

Hapana budi tukiri kwamba sisi wenyewe, tulipoisoma tafsiri hiyo mara ya kwanza, tulisahihisha upatanisho wa kisarufi tu, tukairudisha. Ni barua ya pili ya mfasiri, iliyouliza jeki hizo ni za kazi gani, ndiyo iliyotuzindua. Makala haya ni jibu ambalo tulipaswa kulitoa tangu mwanzo.

Ala iliyokuwa ikiuzwa ni ile iliyoenea sana katika majumba, makanisa na michezo ya kuigiza ya Ulaya wakati wa muziki wa baroko, yaani tangu mwaka 1600 hivi hadi 1750, enzi ya akina Johann Sebastian Bach, Domenico Scarlatti na François Couperin. Kwa sura inafanana na piano nyembamba, na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Piano hugonga nyuzi kwa nyundo ndogo. Ala hii huzidonoa. Bartolomeo Cristofori, fundi wa Florence, ndiye aliyebuni utaratibu wa nyundo karibu na mwaka 1700, na jambo jipya katika ala yake lilikuwa kwamba mpigaji aliweza kutoa sauti ndogo au kubwa kwa kadiri ya nguvu ya vidole. Jina piano lenyewe ni kipande cha maneno ya Kiitalia yaliyotaja sauti hizo mbili. Katika ala tunayoizungumzia, mpigaji hata akibonyeza kwa nguvu zake zote, ukubwa wa sauti haubadiliki sana.

Je, tuiiteje? Neno kinanda ni letu na ni la zamani, lakini limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Lilitumika kwa ala za nyuzi, likahamia kwenye ogani na piano, na wazee wetu wakaliita hata gramafoni kwa jina hilo hilo. Kumwambia mnunuzi kwamba atapata kinanda ni kama kumwambia kwamba atapata chombo. Wenzetu wa Kongo na Burundi, waliozoea Kifaransa, wangependelea klavesini. Tuliifikiria pia chembalo, kwa kufuata Kiitalia na Kijerumani, tukaiacha baada ya mmoja wetu kuuliza kama wingi wake utakuwa vyembalo. Tunapendekeza hapsikodi kuwa jina la ala yenyewe, na kinanda cha kudonoa kuwa jina la jamii nzima. Kitenzi kudonoa tumekichagua kwa makusudi, ili kitofautishwe na kugonga.

Msomaji aliyepata kuona ganuni ikipigwa katika taarabu ya Unguja hatapata taabu kuelewa mambo yanavyokwenda ndani ya hapsikodi. Mpiga ganuni huvaa vidonoleo kwenye vidole vya shahada na kuzidonoa nyuzi mwenyewe. Katika hapsikodi, kazi hiyo hufanywa na vipande vyembamba vya mti vilivyosimama wima, kila kimoja kando ya uzi wake. Mpigaji akibonyeza mbele, ncha ya nyuma huinuka na kukisukuma kipande hicho juu. Kidonoleo kilichochomoza ubavuni mwake huudonoa uzi kikipita. Kipande kikirudi chini, ulimi mdogo uliokishika kidonoleo hupinda nyuma ili uzi usidonolewe mara ya pili, na kitambaa kilichobandikwa juu huunyamazisha. Vipande hivyo ndivyo vinavyoitwa kwa Kiingereza kwa neno lile lile ambalo sisi tumelitohoa kuwa jeki, ile ya kuinulia gari. Tunapendekeza kijiti, wingi vijiti. Kwa hiyo tangazo lilikuwa likisema kwamba vijiti vyote vimebadilishwa, jambo lenye maana kubwa kwa mnunuzi, kwani vijiti vibovu huifanya ala nzima iwe bubu hapa na pale.

Kwa kidonoleo tunalo pendekezo jingine, na hili twalipenda zaidi. Zamani mafundi wa Ulaya walikichonga kutoka katika shina la unyoya wa ndege, mara nyingi wa jamii ya kunguru. Siku hizi wengi hutumia plastiki. Wapiga udi nao, kwa Kiarabu, hukiita kipande wanachopigia risha, yaani unyoya. Neno limefika katika muziki wa pwani kwa njia yake lenyewe, na maana yake yaafikiana na kitu chenyewe. Basi na iwe risha.

Kuhusu kile kinachobonyezwa, tunaonya dhidi ya ufunguo. Kwa Kiingereza vitu hivyo viwili vina jina moja, lakini hapsikodi haifunguliwi kwa vidole. Tuseme kibonyezo, na mpangilio mzima tuuite safu ya vibonyezo. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa kuwa mwongozo lilikuwa likitaja safu hiyo hiyo, kwa sababu asili yake ni neno la Kilatini lihusulo mkono. Hapsikodi ya safu mbili si ala yenye vitabu viwili.

Twaja kwenye futi, ambazo ndizo zilizomdanganya mzee zaidi. Futi hizi hazipimi urefu wa ala. Zimetoka kwa mafundi wa ogani: bomba lililo wazi la futi 8 hivi hutoa sauti ya chini kabisa ya safu ya kawaida, na bomba la nusu yake hutoa sauti iliyo oktavu moja juu. Hapsikodi haina mabomba, lakini imerithi hesabu hiyo. Futi nane mbili na futi nne moja maana yake ni makundi matatu ya nyuzi ndani ya sanduku moja, mawili ya sauti ya kawaida na moja la oktavu ya juu. Mfasiri aandike kundi la futi 8, kundi la futi 4, asiache neno kundi hata mara moja.

Maneno haya ndiyo yanayopanga bei. Safu ya pili huongeza gharama sana, na kazi chache tu huihitaji kwa dhati. Bach alitaja safu mbili katika Tofauti za Goldberg za mwaka 1741, lakini sehemu kubwa ya muziki wa baroko hupigika vizuri kwa safu moja. Asiye na fedha nyingi hutazama spineti, ambayo ni ndogo, ina kundi moja la nyuzi, nazo zimelazwa mshazari. Hapa pana mtego: huko Marekani, tangu miaka ya 1930, jina hilo hilo limepewa piano fupi za kusimama, na spineti nyingi zinazotangazwa kwa bei ya kutupa ni piano hizo. Mtego mwingine ni klavikodi, ambayo ni nafuu na nzuri kwa mazoezi, lakini nyuzi zake huguswa na vipande vya shaba, hazidonolewi, na sauti yake ni ndogo mno.

Zipo pia hapsikodi za viwanda vya karne ya 20, nzito, zilizojengwa kwa mawazo ya piano. Hizo hupatikana kwa bei ya chini kwa sababu wapigaji wengi wa leo wamezikataa. Zaidi huthaminiwa zile zilizofuata mifano ya kale, kama ya ukoo wa Ruckers wa Antwerp, njia ambayo Frank Hubbard na William Dowd waliifufua mjini Boston kuanzia mwaka 1949. Katika miaka ya 1960 Wolfgang Zuckermann wa New York aliwauzia watu wa kawaida vipande vya kujijengea nyumbani, na ala za namna hiyo bado huuzwa mkono kwa mkono. Ubora wake hutegemea aliyeziunganisha, kwa hiyo mfasiri asilifiche jambo hilo: aandike hapsikodi ya kujiundia.

Tarakimu 415 na 440 zilizokuwa mwishoni mwa tangazo, ambazo mfasiri aliziruka akidhani ni namba za bidhaa, ni hetsi za sauti ya A. Ya pili ni kipimo cha kawaida cha leo. Ya kwanza, iliyo chini kwa nusu toni, ndiyo ipendwayo na vikundi vingi vya baroko. Safu ya ala ile iliweza kusogezwa kando ili vibonyezo vikutane na nyuzi za jirani. Kwa binti anayetaka kupiga pamoja na wenzake, pengine hilo lilikuwa neno muhimu kuliko yote katika ukurasa ule.

Mzee alipopata tafsiri mpya alimwuliza binti yake maswali mawili: nani aliyeiunda, na safu ya pili ni ya nini. Ikabainika kuwa ni ala ya kiwandani. Hawakuinunua. Binti sasa anatafuta ya safu moja, ya kujiundia, yenye kundi moja au mawili ya futi 8.

Katika ofisi yetu bado hatujakubaliana juu ya kijiti. Mmoja wetu anashikilia kuwa jeki ni sahihi, maadamu kitu chenyewe huinuka. Wasomaji wenye maoni, hasa mafundi seremala na wapiga ganuni, watuandikie kabla orodha hii haijapelekwa kamatini.