Mwezi Mmoja wa Chakula cha Nyumbani

Kabla hujaendelea kusoma, chukua kalamu na karatasi uandike vitu vyote vilivyoliwa nyumbani mwako tangu jana asubuhi. Usisahau chai. Usisahau sukari iliyotiwa katika chai, wala mkate walioula watoto kabla ya kwenda shule. Ukimaliza, weka alama kando ya kila kitu kilichotoka dukani.

Mimi nilipofanya hesabu hii nyumbani kwetu, katika vilima vya Machakos, alama zilikuwa nyingi hata nikaona haya. Kazi yangu ni ya ukarani katika ofisi ya kilimo, na kila siku napiga chapa barua za kuwahimiza watu wengine walime chakula. Shamba letu ni la eka tatu, lina matuta mazuri, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Hata hivyo mwezi wa Julai tulikuwa tumempa mwenye duka shilingi 6,210 kwa chakula tu.

Basi jioni ile niliweka nadhiri mbele ya mke wangu na watoto wetu wanne, kwamba mwezi wote wa Agosti hatutakula ila kilichotoka shambani mwetu, tena kilichotengenezwa na sisi wenyewe tangu mwanzo. Mkate hapana, unga wa paketi hapana, mafuta ya kopo hapana, sukari hapana. Chumvi tuliiruhusu. Labda utasema huko ni kudanganya, lakini chumvi ya dukani hutiwa iodini, nayo ndiyo izuiayo ugonjwa wa rovu, yaani uvimbe wa shingoni. Shamba halitakupa hiyo hata ulilime namna gani.

Jambo la kwanza lililonishinda lilikuwa chai. Mchai hautaki nchi kavu kama yetu. Unataka mvua nyingi na baridi ya mahali kama Kericho na Limuru. Siku tatu za kwanza kichwa kiliniuma tangu asubuhi hata jioni, na pale ofisini nilimjibu vibaya mzee mmoja aliyekuja kuuliza habari za miche ya miembe. (Nilimtaka radhi baadaye.) Siku ya nne maumivu yaliisha. Ukiwa na mazoea ya vikombe vitano au sita kwa siku kama mimi, yafaa upunguze kidogo kidogo juma moja kabla ya kuanza, usiache ghafula.

Mahali pa chai tuliweka uji wa wimbi na mtama. Ukitaka uji mzuri, koroga unga katika maji ya vuguvugu, ufunike, uuache mahali penye joto siku moja au mbili hata uchachuke, ndipo uupike. Sisi tuliutia asali ya mizinga yetu. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata kwa kulambishwa kidole, maana yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda, la mtoto mchanga haliwezi.

Sasa nije kwenye muthokoi. Sisi tuliozaliwa Ukambani tumekilia chakula hiki, lakini wengi siku hizi hununua mahindi yaliyokwisha kukobolewa kwa mashine. Kwa mkono kazi yake ni hii: unanyunyizia mahindi maji kidogo, unayatwanga katika kinu kwa mchi mpaka ganda la juu litoke, bila kuyaponda. Kisha unayapepeta kwa ungo na kuyaanika, na ikifika siku ya kupika unayachemsha pamoja na maharagwe au mbaazi. Kwa maneno ni jambo la dakika moja. Kwa mikono, chakula cha watu sita ni kazi ya jioni nzima.

Siku ya tano mke wangu aliuegemeza mchi ukutani akaniambia, "Baba watoto, nadhiri umeiweka wewe, lakini mikono inayoitimiza ni yangu."

Nilikosa la kumjibu. Nilikuwa nimepanga kila kitu katika kijitabu changu kama mwalimu apangavyo masomo ya juma, lakini sikuandika popote ni nani atakayetwanga, nani atakayesaga, nani atakayekesha na chungu cha mbaazi. Tangu jioni ile nilitwanga mimi nitokapo ofisini, na kijana wetu mkubwa akawa akichukua mtama na wimbi kwenye mashine ya kusaga. Majirani waliopita njiani walisimama kutazama, na mzee mmoja aliingia uani kuuliza kama mke wangu amelazwa hospitali. Kwa hivyo, bwana mwenye nyumba unayesoma habari hii, ukipenda kujaribu, shika mchi kwanza wewe mwenyewe kwa siku mbili, ndipo uweke nadhiri.

Mbaazi zilikuwa zimeiva wakati huo, na kunde tulikuwa nazo kavu. Loweka nafaka hizi usiku kucha, utaona kuni zinavyopungua. Mahali pa mafuta ya kopo tulitumia samli yetu, tena kidogo, kwa sababu ng'ombe mmoja hatoi samli ya kuchezea. Maziwa mengine tuliyagandisha. Wazee wetu waliyatia mabichi katika kibuyu, lakini mimi sikushauri kufanya hivyo, kwa kuwa ugonjwa wa homa ya ng'ombe uitwao brusela humwingia mtu kwa maziwa yasiyochemshwa. Yachemshe, yaache yapoe hata yawe vuguvugu, yatie vijiko viwili vya maziwa lala ya jana, funika, na kesho yake yatakuwa tayari.

Mpaka hapo nilikuwa nikijisifu. Siku ya kumi na mbili tuliishiwa na mahindi ya gunia la kwanza, nikaenda ghalani kufungua la pili, la mavuno ya Februari. Nilipotia mkono ndani niliona joto kidogo. Nilipoutoa, punje zilikuwa zimeshikamana, nyingine zina rangi ya kijani, nyingine zimekuwa nyeusi upande wa kiini. Gunia la tatu lilikuwa vivyo hivyo.

Nitakuambia wazi lililopita moyoni mwangu, maana si mimi peke yangu ninayejaribiwa hivyo. Nilifikiri: tuchague zilizo safi, tuzioshe vizuri, tuzitwange zitoke ganda, tuzichemshe sana. Nilikuwa na nadhiri, na siku kumi na tisa zilikuwa zimebaki. Mke wangu alitazama mkono wangu tu, akauliza, "Umesahau mwaka wa 2004?"

Wewe kijana usiyekumbuka, sikiza. Mwaka wa 2004 katika wilaya za Makueni na Kitui, na kwetu Machakos pia, watu walikula mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu yakaingia kuvu. Macho yaligeuka manjano na matumbo yakavimba, kwa kuwa ini lilikuwa limeharibika. Waliougua na kuhesabiwa walikuwa 317, na katika hao 125 walikufa. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1981 watu 12 walikufa hapa Machakos kwa sababu hiyo hiyo. Nyumba moja ya ukoo wa mke wangu ilizika watoto wawili mwaka ule wa 2004. Mahindi yalikuwa ya shamba lao wenyewe, na aliyeyapika alikuwa mama yao.

Sumu hiyo huitwa aflatoksini. Haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauiui, hata uchemshe kutwa. Kuchagua na kukoboa hupunguza sehemu yake, lakini kwa gunia lililooza namna ile huwezi kujua kiasi kinachobaki. Tena usidhani unaweza kuwapa mifugo. Kuku huugua na kufa, na ng'ombe huirudisha sumu katika maziwa, nayo maziwa humrudia mtoto. Tulichimba shimo mbali na kisima tukazika magunia mawili. Kazi ya msimu mzima! Siku ile sikula chakula cha jioni, na si kwa sababu ya nadhiri.

Kosa lilikuwa langu. Februari mvua isiyotazamiwa ilinyesha tukivuna, nikaogopa wezi, nikayaingiza mahindi ndani kabla hayajakauka sawasawa. Mimi, mtu wa ofisi ya kilimo! Mahindi ya kuwekwa hayatakiwi kuwa na unyevu zaidi ya asilimia 13.5. Kama huna kipimo, tumia chupa kavu yenye kifuniko. Tia vijiko vitatu vya chumvi kavu, ujaze mahindi mpaka kama nusu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha uiache robo saa. Chumvi ikinata katika kioo, mahindi hayajakauka. Yarudishe juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Yakikauka, gunia lisipotiwa juu ya ardhi bali juu ya mbao, mbali na ukuta, hudumu vizuri. Magunia yasiyopitisha hewa ni mazuri zaidi, kwa kuwa dumuzi, yaani wale wadudu watoboao punje, hufa ndani yake bila dawa. Na tangu mwaka wa 2015 imekubaliwa hapa Kenya kutumia Aflasafe, ambayo ni kuvu isiyo na sumu inayomwagwa shambani kilo 4 kwa eka, juma mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, ili ishinde ile yenye sumu.

Siku zilizobaki tulikula ugali wa mtama, viazi vitamu, mihogo ya kuchemsha, mbaazi, mayai, na majani ya kunde. Mtoto wetu mdogo alilia ugali mweupe siku mbili, akazoea. Mkubwa alikiri mwishoni kwamba alikula mandazi mara mbili shuleni kwa rafiki yake. Sikumwadhibu.

Usinielewe vibaya kuhusu unga wa paketi. Tangu mwaka wa 2012 sheria inataka unga wa mahindi na wa ngano unaosagwa viwandani utiwe vitamini na madini. Ukiuacha, basi hapana budi mezani pawe na mboga za majani na kunde kila siku, si ugali mtupu na chumvi. Na kama ghala lako limeoza kama letu, nunua mahindi makavu bila haya.

Tarehe moja Septemba nilinunua majani ya chai, na kikombe cha kwanza kilikuwa kitamu kuliko nilivyokumbuka. Sukari imerudi nusu. Mkate haujarudi, kwa kuwa watoto sasa hudai viazi vitamu asubuhi, na mwenye duka ameniuliza kama tumehama. Kinu bado ni changu Jumanne na Ijumaa. Chupa ya chumvi iko juu ya kabati jikoni, na mwezi wa Februari mke wangu ndiye atakayeitikisa; mimi amenikataza kufunga gunia lolote mpaka yeye aitazame.